Binti yangu anataka kushindana judo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mombasa

Maswali haya huletwa na wasichana wenyewe, na mama zao, na wajomba wanaotumwa kuja kupeleleza. Yameanza na ya msingi. Yale ya pembeni na mazito yako chini. Jibu likishatolewa pahali pamoja, utaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Judo si ndiyo karate?

La. Karate na taekwondo ni ngumi na mateke. Katika judo huruhusiwi kumpiga mtu hata kofi. Unamshika mwenzako nguo, unamvuta hadi ayumbe, halafu unambwaga chali. Mkifika chini unaweza kumgandamiza asiinuke, kumtia kabari, au kumkunja kiwiko mpaka asalimu amri kwa kupiga mkeka kwa kiganja. Mzee anayejua mieleka ataielewa judo upesi kuliko kijana aliyelelewa na filamu za kung fu. Aliyeianzisha ni Mjapani Jigoro Kano, mjini Tokyo mwaka 1882.

Mshindi hupatikanaje?

Pambano la wakubwa ni dakika 4, wanawake na wanaume sawasawa. Ukimwangusha mpinzani mgongo mzima juu ya mkeka, kwa kasi, kwa nguvu na ukiwa umemdhibiti, refa hunyanyua mkono juu na kutamka ippon. Hapo mchezo umekwisha, hata kama ni sekunde ya tano. Mwangusho uliopungua kidogo ni waza-ari, na waza-ari mbili ni ippon. Chini yake kuna yuko, ambayo ilifutwa mwaka 2017 ikarudishwa 2025. Kumgandamiza mtu chini kwa sekunde 20 ni ippon, 10 ni waza-ari, 5 ni yuko.

Makosa madogo huitwa shido. Ukifikisha matatu umetolewa. Kumshika mpinzani mguu kwa mkono ni marufuku, lakini ngwara, mguu kwa mguu, ni halali na ndiyo raha ya mchezo. Dakika zikiisha bila mshindi huongezwa muda usio na kikomo, na atakayetangulia kupata alama ndiye mshindi.

Mzazi azoee jambo hili mapema: katika judo bingwa huanguka. Uta Abe wa Japani aliingia Paris 2024 akiwa bingwa wa Olimpiki wa uzani wa kilo 52. Raundi ya pili alibwagwa na Diyora Keldiyorova wa Uzbekistan, akalia ukumbi mzima ukimsikia. Keldiyorova aliondoka na dhahabu. Basi binti akipoteza pambano kwa sekunde chache usimwambie hajui kitu.

Aanze akiwa na umri gani?

Wa miaka sita au saba anaweza kuanza kwa kucheza. Wa miaka 14 hajachelewa. Shirikisho la dunia huwapanga vijana wa miaka 15 hadi 17 katika kundi moja, kisha vijana wakubwa hadi miaka 20. Na kuanzia miaka 15 mtu anaweza kuingia hata kwa watu wazima. Ile miezi ya kwanza ni ya kujifunza kuanguka: kwa nyuma, kwa ubavu, kwa kujiviringisha. Watoto wengi huchoka hapo wakaacha. Kocha anayeruka hatua hiyo ili watoto wafurahie kubwagana, muogope.

Wanawake wameanza lini kushindana?

Hivi karibuni kuliko watu wanavyodhani. Judo iliingia Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964 kwa wanaume peke yao. Wanawake walionyeshwa kwa majaribio Seoul 1988, wakapewa medali kamili Barcelona 1992.

Mlango ulisukumwa na mwanamke wa Brooklyn aitwaye Rusty Kanokogi. Mwaka 1959 alishindana katika timu ya wanaume huko Utica, jimbo la New York, akamshinda mpinzani wake. Alipoulizwa kama ni mwanamke akakiri, akalazimika kuirudisha medali. Mwaka 1980 ndiye aliyeandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya wanawake, New York, hata akaiweka nyumba yake rehani ili yafanyike. Medali yake alirudishiwa mwaka 2009, miaka 50 baadaye, akiwa mgonjwa; mwaka huo huo akafariki.

Kuna mwanamke wa Kenya aliyefika mbali?

Zeddy Cherotich alishindana Olimpiki ya Paris 2024 katika uzani wa kilo 78. Kwa bara la Afrika, Soraya Haddad wa Algeria alipata shaba Beijing 2008 katika kilo 52.

Ila mimi nikitaka kumtia mtu moyo humtajia Kosovo. Majlinda Kelmendi wa mji wa Peja, mji mdogo kwa mbali kuliko Mombasa, alitwaa dhahabu Rio 2016, medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya nchi yake. Olimpiki iliyofuata, ya Tokyo, wasichana wengine wawili, Distria Krasniqi na Nora Gjakova, wakapata dhahabu mbili, wote chini ya kocha yule yule, Driton Kuka. Kosovo haikuwa na kumbi za kifahari. Ilikuwa na kocha asiyehama na kundi la wasichana waliobwagana wao kwa wao kila siku kwa miaka. Hilo la pili ndilo tunalolikosa hapa Pwani, na utaliona likijirudia katika majibu mengi yanayofuata.

## Kuanza hapa Mombasa

Nitajuaje klabu nzuri?

Nenda ukakae pembeni jioni nzima kabla ya kumwandikisha. Tazama mikeka kwanza: iwe imeshikana bila mianya ya kuingiza kidole cha mguu, na chini yake kusiwe na saruji tupu iliyofunikwa na kapeti. Muulize kocha mkanda wake mweusi aliupata wapi, na kama klabu imesajiliwa na chama cha judo cha taifa, kwa sababu binti wa klabu isiyotambuliwa atafanya mazoezi vizuri sana na siku ya mashindano jina lake lisiwemo.

Halafu hesabu wasichana. Klabu yenye wasichana wanne wanaokaribiana uzani ni bora kuliko ukumbi mpya wenye msichana mmoja, hata ikibidi mvuke feri ya Likoni kila jioni. Judo haifunzwi peke yako. Ukosefu wa wenzako unaweza kupunguzwa: klabu mbili zikikubaliana kukutana Jumamosi moja kila mwezi, wa Kisauni na wa Changamwe, kila msichana anapata mikono migeni ya kushikana nayo.

Atalazimika kufanya mazoezi na wavulana?

Katika klabu nyingi, ndiyo, kwa sababu wasichana hawatoshi. Mashindano yenyewe huwa wasichana kwa wasichana. Mazoezi ya pamoja yana faida, kwani mvulana wa uzani wake humzoesha nguvu na kasi, lakini yawe na masharti: kocha awepo mkekani muda wote, mlango uwe wazi, na binti aruhusiwe kukataa mwenza bila kuulizwa sababu. Familia isiyoridhia kabisa iombe kipindi cha wasichana. Makocha wengine hukubali haraka, kwa kuwa kipindi hicho huleta wanafunzi ambao wasingekuja kamwe. Soma pia swali la kocha anayevuka mipaka, hapo chini.

Na hijabu?

Mazoezini ni makubaliano yenu na kocha. Kitambaa kiwe cha kubana kichwa, kisicho na pini wala ncha ya kuning'inia, kwa sababu kabari hupita shingoni na pini inaweza kumchoma mwenzake jichoni. Chini ya koti la judo wanawake huvaa fulana nyeupe. Ya mikono mirefu au mifupi mazoezini, shauri lenu.

Mashindano ya kimataifa ni habari nyingine: sheria kwa kawaida hairuhusu kichwa kufunikwa. London 2012, Wojdan Shaherkani wa Saudi Arabia, akiwa na miaka 16, aliruhusiwa kuvaa kofia maalumu ya kubana baada ya mvutano wa siku kadhaa, na pambano lake lilikwisha kwa sekunde 82. Alishindwa, lakini aliingia. Ile ilikuwa ruhusa ya pekee. Kwa hivyo kocha aandikie waandaaji wa mashindano mapema na apate jibu la maandishi. Kubishana na refa ukingoni mwa mkeka hakujawahi kumsaidia binti wa mtu.

Mwezi wa Ramadhani afanyeje?

Asiache kabisa, wala asijitie ushujaa. Mazoezi ya mbinu polepole karibu na magharibi, au mazoezi kamili baada ya tarawehe, hutosha. Kupambana kwa nguvu mchana wa jua la Mombasa bila maji ni kutafuta kuzimia. Kupunguza uzani mwezi huo kusahaulike. Mashindano yakiangukia ndani ya mfungo, hilo ni la familia na sheikhe wao. Kocha hana sauti hapo.

Itanigharimu nini?

Ada ya klabu mara nyingi ndiyo ndogo kuliko zote. Koti na suruali ya judo ni kitambaa kizito cha pamba, na humu mwetu ukijumlisha jasho na unyevu wa bahari, msimu wa masika nguo hiyo haikauki kwa siku moja. Atahitaji mbili. Zifuliwe kwa maji baridi zianikwe kivulini, maana maji moto huzirudisha. Mikono ya koti inatakiwa kufika kwenye kifundo cha mkono, na siku ya mashindano hupimwa. Ukinunua ya mtumba, nunua kubwa.

Kinachotafuna pesa ni safari. Mashindano mengi huwa Nairobi, na hiyo ni nauli, malazi na chakula, tena mara mbili kama binti ni mdogo na lazima asindikizwe. Basi la usiku ni rahisi, ila anayefika alfajiri bila usingizi akapande mkekani asubuhi hiyo ameshaanza kushindwa. Afadhali treni ya siku iliyotangulia.

## Mwili

Judo itamharibu uzazi, au usichana wake?

Swali hili huulizwa kwa kunong'ona, nami nalijibu kwa sauti. Judo haigusi kizazi. Tumbo la uzazi limekaa ndani ya nyonga, limelindwa na mifupa, na kuanguka vizuri juu ya mkeka hakulifikii. Utando wa ukeni unaweza kulegea au kuchanika kwa mchezo wowote, hata baiskeli, na wengine huzaliwa wakiwa nao kidogo sana. Hali yake haithibitishi lolote kuhusu tabia ya mtu. Kuhusu mabingwa waliozaa, tazama swali la kurudi baada ya kujifungua.

Uzani hupangwaje, na anaruhusiwa kujipunguza?

Wanawake wakubwa wana madaraja saba: kilo 48, 52, 57, 63, 70, 78 na zaidi ya 78. Mashindano ya kimataifa hupima jioni ya kuamkia siku ya mchezo. Asubuhi wachache huitwa wapimwe tena kwa kushtukizwa, na hawatakiwi kuzidi daraja lao kwa zaidi ya asilimia 5. Wa kilo 57 asizidi 59.85. Mashindano ya hapa nyumbani, uliza mapema kama yanapima jioni au asubuhi yenyewe, maana hilo hubadilisha kila kitu.

Kujipunguza kwa msichana anayekua ni kosa, na sina lugha laini ya kulisema. Utawaona wakikimbia Mama Ngina saa nane mchana na koti la nailoni, wakitema mate kwenye chupa. Maji yanayotoka hivyo ni damu kuwa nzito na moyo kuhangaika. Mwaka 1996 mwanajudo wa Korea Kusini alifariki akijikausha kabla ya Olimpiki ya Atlanta, naye alikuwa mtu mzima mwenye makocha. Binti akipita daraja lake kwa kukua, apande la juu. Ale samaki, mbaazi, mayai, mchicha na muhogo, apunguze soda na viazi karai, na mizani itajipanga yenyewe kwa miezi.

Hedhi ikiangukia siku ya mashindano?

Anashindana, akijisikia. Avae kaptura nyeusi ya kubana chini ya suruali, pedi au tamponi, na awe na suruali ya akiba mkobani. Kocha mwanaume aambiwe tu, au kuwe na dada wa timu wa kumweleza. Aibu imewatoa wasichana wengi mchezoni kuliko majeraha.

La kuogopa ni hedhi inapokatika miezi mitatu mfululizo kwa msichana asiye mjamzito. Mara nyingi ina maana anakula kidogo kuliko anachokitumia, na mifupa inalipa. Apelekwe hospitali, na mazoezi yapunguzwe.

Majeraha gani ni ya kawaida?

Vidole, mabega na magoti. La goti ndilo linalomaliza safari za wengi: ligamenti ya ndani, ule ukano unaofunga mifupa ya goti, ikikatika ni upasuaji na karibu mwaka mzima nje. Misuli ya paja na ya makalio ikiwa imara hatari hupungua, basi squati na kuruka kwa mguu mmoja si mazoezi ya urembo. Akigonga kichwa akachanganyikiwa, hata kidogo, ametoka siku hiyo. Hata akisema yu mzima. Hasa akisema yu mzima.

Dawa na vitu vilivyokatazwa?

Shirika la kupambana na dawa hizo nchini ni ADAK, na linaweza kumpima mwanamichezo mashindanoni au nyumbani. Vidonge vya kutoa maji mwilini, wanavyovitumia wajinga kupunguza uzani, vimekatazwa wakati wote. Na hili la kwetu: miraa na muguka zina kathini, ambayo imekatazwa siku za mashindano ikizidi kiwango fulani kwenye mkojo. Kisingizio cha "ni majani tu" hakisikilizwi. Akiugua, amwambie daktari kuwa anashindana kabla hajaandikiwa dawa.

## Ngazi za juu

Kutoka klabu hadi timu ya taifa ni njia gani?

Mashindano ya klabu na ya Pwani, kisha ya taifa, kambi ya uteuzi, halafu mashindano ya Afrika ya vijana au wakubwa. Kila hatua anayemzuia binti wa Mombasa ni yule yule: msichana wa Nairobi anayepata wapinzani watano tofauti kwa wiki. Pengo hilo hufupishwa kwa likizo za shule. Wiki mbili za Agosti kwenye klabu ya bara zina thamani kuliko miezi ya kurudia mbinu na mwenza mmoja ambaye mmeshajuana hila zote.

Alama za dunia na Olimpiki hufanyaje kazi?

Dhahabu ya mashindano ya dunia huleta alama 2,000, ya Grand Slam, mashindano makubwa ya kuzunguka dunia, 1,000, ya ubingwa wa bara 700, na ya mashindano madogo ya wazi ya bara 100. Kwa Paris 2024, nafasi 17 za kwanza za kila uzani zilifuzu moja kwa moja, nchi ikiwa na mtu mmoja tu kwa kila uzani; zilizobaki zikagawanywa kwa mabara, pamoja na nafasi chache za mwaliko. Hesabu hiyo inaonyesha kwa nini ubingwa wa Afrika ni muhimu kwa Mkenya: ni alama nyingi kwa nauli moja. Michezo ya Jumuiya ya Madola ni mlango mwingine, na judo imo katika michezo 10 ya Glasgow 2026.

Kuna pesa?

Kidogo sana, na kwa wachache. Wanajudo wengi wa Kenya wenye mshahara ni askari wa Polisi au Magereza: taasisi humwajiri, humpa muda wa mazoezi na wenzake wa kupambana nao. Msichana anayetaka kubaki mchezoni baada ya shule alifikirie hilo kwa dhati, na alinde cheti chake cha KCSE, kwa sababu bila hicho hata mlango huo ni mwembamba. Mwaka wa mtihani apunguze mashindano, mkeka hauondoki.

## Maswali mazito na ya pembeni

Kocha anamshika ovyo au anamtumia ujumbe usiku. Nifanye nini?

Mtoe mara moja. Uchunguzi uje baadaye. Judo ni mchezo wa kushikana, na mwovu hujificha humo humo, lakini mtu aliyefunzwa anajua tofauti ya kurekebisha mshiko na kupapasa. Mpigie 116, simu ya watoto, au 1195 kwa ukatili wa kijinsia, na uende polisi. Usikubali kikao cha wazee cha kuyamaliza kimya kimya. Kayla Harrison wa Marekani alidhulumiwa na kocha wake tangu utotoni. Mamake aliripoti, kocha akafungwa, na binti huyo akatwaa dhahabu ya Olimpiki 2012 na tena 2016.

Anaweza kurudi baada ya kujifungua?

Anaweza. Ryoko Tani wa Japani, kilo 48, alijifungua mwishoni mwa 2005 na 2007 akawa bingwa wa dunia kwa mara ya saba. Clarisse Agbégnénou wa Ufaransa alijifungua Juni 2022, na Mei 2023 akatwaa ubingwa wake wa sita wa dunia huko Doha. Hao walikuwa na madaktari na walezi. Binti wa Mombasa atahitaji mama mkwe mwenye moyo. Wakati wa ujauzito asipambane wala asianguke. Kurudi kuanze na mazoezi ya tumbo na ya sakafu ya nyonga, ile misuli inayobeba kizazi na kibofu, kubwagana kuje mwisho, kwa idhini ya daktari au mkunga.

Akitaka kuhamia MMA, mapigano ya kulipwa ya ndani ya kizimba?

Wapo waliofanya hivyo: Ronda Rousey, shaba ya Beijing 2008 kilo 70, na Harrison niliyemtaja. Lakini wote walimaliza judo kwanza. Wa miaka 16 anayeambiwa kuna hela za haraka huko aulizwe ni nani anayemwambia, na analipwa na nani.

Binti yangu haoni vizuri. Kuna nafasi?

Ipo, tena judo humfaa kuliko michezo mingi. Katika judo ya wasioona wapinzani huanza wakiwa wameshashikana nguo, hivyo hakuna kutafutana gizani. Tangu 2022 wanagawanywa makundi mawili, J1 kwa wasioona kabisa na J2 kwa wenye uoni hafifu, na wanawake wamo Paralimpiki tangu Athens 2004. Klabu ya kawaida inaweza kumfunza. Kocha aseme kwa maneno anachofanya, amwonyeshe mbinu kwa kumshikisha mwili wake mwenza, na kingo za mkeka ziwekewe alama anayoweza kuigusa kwa mguu.